Bi Gumba na Baiskeli Kumi na Moja

Ukitaka kumjua huyu mama, anza na kidole. Gumba lake la kulia lilikuwa nene kuliko la kushoto, limekomaa kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu, na ndilo lililompa jina. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, limelala humo humo halisumbui mtu. Mji mzima ulimwita Bi Gumba, na kazi yake ilikuwa kuhesabu barabara.

Kuhesabu kweli kweli, siyo maneno tu. Idara ya barabara ikitaka kujua mtaa fulani unapitwa na magari mangapi, haikuwa na kamera wala nini, ilikuwa na Bi Gumba. Anashushwa asubuhi na mapema na kiti cha plastiki, mwavuli, na ubao uliofungwa vihesabio vinne, vile vidude vya chuma ambavyo ukibofya mara moja namba inapanda moja. Kimoja cha magari, kimoja cha pikipiki, kimoja cha baiskeli, kimoja cha watembea kwa miguu. Basi hapo ni tik tik tik mpaka jua lichoke. Miaka kumi na tisa. Na katika miaka hiyo yote hajakosea hata mara moja, jambo ambalo angekuambia mwenyewe hata kama ulichomuuliza ni saa ngapi.

Kuna mwaka idara ilileta mpira mweusi wa kutandaza barabarani, eti unahesabu wenyewe kila tairi likiukanyaga. Jioni mpira ukasema magari matatu zaidi ya Bi Gumba. Wakubwa wakakenua meno, leo mama kapatikana. Kuja kuchunguza, kumbe kuna mlevi alikuwa anaurukia ule mpira kwa furaha zake. Mpira ukarudishwa stoo, na siku hizi panya wanaujua kuliko wahandisi.

Sasa, ukikaa miaka kumi na tisa unawatazama watu wanavyopita, huwezi kuendelea kuwapenda. Haiwezekani. Bi Gumba aliwadharau watu wa barabarani wote, kwa haki, bila upendeleo. Wenye magari aliwaona ni watu waliokalia sofa, wanapulizwa ubaridi usoni, na bado wanapiga honi kama wamefiwa. Watembea kwa miguu ndiyo kabisa: taa imewaka nyekundu, mtu anaitazama, anatazama simu yake, halafu anaingia barabarani kana kwamba simu ndiyo imempa ruhusa. Wa baiskeli walivuka taa kwa imani tu, kichwa chini, matako juu. Pikipiki usimtajie. Ukimtajia pikipiki alivua miwani kwanza ndipo akakujibu.

Na kwa kila kundi alikuwa na sonyo lake. Fupi la magari, refu la watembea kwa miguu, na lile la kugeuza shingo mpaka mwisho la pikipiki. Wahandisi hakuwasonya. Aliona ni kupoteza mate.

Basi jiji likaamka siku moja likataka kuwa zuri. Likasema katikati ya mji panafumuliwa na kujengwa upya. Mpango ukapewa jina, Katikati Mpya, ukapewa nembo ya jani la kijani, ukafunguliwa ukurasa mtandaoni wenye wafuasi arobaini na saba, wengi wao wafanyakazi wa jiji waliolazimishwa. Lengo, eti, ni uwiano: magari, watembea kwa miguu na baiskeli, kila mtu apate nafasi yake. Maneno matamu. Ukisikia jiji linaongea tamu hivyo, shika begi lako.

Kitovu cha mpango kilikuwa barabara ya mpando, ile inayotoka chini kwenye maghala na kiwanda cha mikate, inakwea mpaka kwenye maduka na ofisi za juu. Ni ya kupanda tu. Wanaoshuka hupitia nyuma ya benki. Na ule mpando siyo wa mchezo. Ni mkali kiasi kwamba magari mabovu yanaupanda yakilia. Kwa hiyo kila mwenye baiskeli ya kazi akifika pale chini kwenye duka la dawa, anashuka. Wote. Hata wale vijana wenye mapaja kama magogo wanashuka, wanashika usukani, wanaikokota mpaka juu, halafu ndiyo wanapanda tena na kuondoka. Imekuwa hivyo tangu baiskeli zilipoletwa mjini. Mtoto wa chekechea anajua.

Aliyeandika fomu ya kuhesabia hakujua. Fomu ilisema hivi: baiskeli ihesabiwe endapo mwendeshaji amekaa juu ya kiti, anayekokota baiskeli ahesabiwe kama mtembea kwa miguu. Aliyeandika hayo lazima alizaliwa kwenye mji uliolala flati kama meza, akala vizuri, akasoma, akapewa kalamu. Bi Gumba alipoisoma alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Hawa watu," akasema, na hakumalizia.

Lakini fomu ni fomu. Sifa yake yote ilikaa hapo: akiambiwa hesabu hivi, anahesabu hivi, kwa namba kamili, na upuuzi ukiwemo ni wa mwenye fomu. Akafungua mwavuli, akakaa siku tatu.

Kila asubuhi mdogo wake wa kiume alipita hapo. Walikuwa tumbo moja, wanaishi ua mmoja, Bi Gumba chumba cha mbele, mdogo wake na mkewe vyumba vya nyuma. Huyu mdogo wake aliitwa Mkate kwa sababu ndicho alichobeba: makreti manane ya mikate nyuma ya baiskeli, yamefungwa kwa mpira, marefu kumpita kichwa. Alikuja anahema, jasho linamdondoka kwenye kidevu, kakunja mgongo kama anasukuma ukuta.

"Leo nimekuwa nini, dada?"

"Mtembea kwa miguu."

"Na hii baiskeli?"

"Mzigo."

"Basi uuhesabu vizuri huo mzigo, maana ndio unaokulisha mkate wa asubuhi."

"Pita, unaniziba."

Tik. Kihesabio cha nne. Nyuma yake wenzake wa kiwandani, tik, tik, tik, wote cha nne. Siku tatu zikaisha. Watembea kwa miguu: elfu kumi na nne mia nane na sitini. Baiskeli: kumi na moja. Na hao kumi na moja walikuwa wazee wa Jumamosi wenye baiskeli za gia, kaptula za kubana na kofia za plastiki, wanaopanda mlima kwa raha zao halafu wanajipiga picha na saa zao za mkononi. Bi Gumba akasaini, akapeleka, akasahau.

Baada ya miezi sita mchoro ukatoka. Ulirushwa kwenye makundi yote ya simu, mji mzima ukauona ukiwa kitandani. Magari yalipewa njia tatu pana zenye ukuta wa zege pembeni na kibao: baiskeli haziruhusiwi. Watembea kwa miguu, kwa kuwa walionekana wengi sana, wakapewa zawadi yao. Ngazi. Ngazi hamsini na mbili, pana, na maua kila upande. Na watu waliochorwa kwenye hizo ngazi, acha tu. Kila mmoja ana kikombe cha kahawa cha karatasi. Kuna mtoto na puto. Hakuna hata mmoja mwenye mzigo, hakuna anayetoka jasho. Sijui wametoa wapi mji wa watu wakavu hivyo.

Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, iliandikwa: kwa kuwa takwimu zimeonyesha waendesha baiskeli ni wachache mno, njia ya baiskeli haikuonekana kuwa na ulazima.

Bi Gumba alikuza picha kwa vidole viwili akaziona namba zake. Alifurahi. Ndiyo, tuseme ukweli, alifurahi kwanza. Akakaa kibarazani anazitazama kama mtu anayetazama picha za harusi yake. Mkate akaja akasimama nyuma ya kiti, akausoma mchoro juu ya bega lake, akausoma tena.

"Dada, mimi napita wapi?"

Bi Gumba akasogeza picha juu. Akaisogeza chini. Akaigeuza simu upande.

"Itabidi uzunguke," akasema.

"Kuzunguka ni barabara ya malori."

Barabara ya malori wote waliijua. Ilizunguka mlima kwa nyuma, nyembamba, haina pembeni, ina malori ya saruji yanayoshindana kama yamelogwa. Mwenzake mmoja wa Mkate, waliyemwita Mluzi kwa kuwa alipiga miluzi njia nzima, aliipita siku moja tu kukwepa matope ya mpandoni. Mguu wake mmoja ulibaki huko. Sasa hivi anakaa getini kiwandani anafungua na kufunga, na miluzi ameacha.

Mke wa Mkate alikuwa anaanika nguo. Ni mwanamke asiye na maneno mengi, na ndiyo maana akisema linaingia.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "kwa hiyo wewe ndiye uliyemhesabu mume wangu kama miguu."

Kesho yake Bi Gumba akaenda ofisini kwa Injinia, mwenye mchoro. Huyu Injinia alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vyeupe. Mtu wa barabara mwenye viatu vyeupe, fikiria mwenyewe. Barabara alikuwa anaziona kutoka juu, kwenye kompyuta, kama ndege.

"Karibu mama, nimefurahi kukuona. Takwimu zako zilikuwa safi sana, tumezitumia kama zilivyo."

"Nimekuja kuhusu ngazi."

"Zimekupendeza eh? Kila mtu anazisifia."

"Baiskeli zitapita wapi?"

"Baiskeli zipi?" Aliuliza kwa upole kabisa, kama daktari anayemuuliza mgonjwa wa akili anasikia sauti gani. Akafungua kompyuta. "Kumi na moja kwa siku tatu, mama. Kwa baiskeli kumi na moja nijenge njia? Si bora niwaitie teksi."

"Zilikuwa zaidi ya elfu mbili, nilikuwa pale."

"Umeandika kumi na moja."

"Zilizokaliwa. Zinazokokotwa fomu yenu ilisema niziite watu."

"Basi hao ni watembea kwa miguu, na nimewajengea ngazi. Tena pana."

"Mtu mwenye baiskeli na makreti manane atapandaje ngazi hamsini na mbili, mwanangu?"

Injinia akafikiri. Ulimwona kabisa anafikiri, kama mtu anayetafuta funguo mfuko huu na ule. "Huyo atakuwa amekiuka matumizi ya ngazi," akasema.

Bi Gumba akamtazama juu mpaka chini, akaishia kwenye viatu. "Badilisha namba."

"Siwezi. Mchoro umeshapita kwa wafadhili. Namba inabadilika kwa njia moja tu, mhesabu mwenyewe akiri kosa." Akavuta droo, akatoa karatasi, akaiweka mezani kwa ncha za vidole. "Fomu Namba Nane. Mhesabu anahesabu upya asubuhi tatu, anaandika namba sahihi, anataja sababu ya kosa lake, anasaini. Ikishaingia hiyo, inakwenda moja kwa moja kwa wafadhili na mchoro unarudi kuchorwa, mimi sina mamlaka ya kuizuia. Ila mhesabu anaondolewa barabarani moja kwa moja. Hakai tena kwenye kiti." Akatabasamu. "Lakini wewe si hujawahi kukosea, mama?"

"Sijawahi."

"Basi tumemaliza."

Alirudi nyumbani anaongea peke yake. Asaini kwamba amekosea, yeye? Wakati aliyekosea ni mjinga fulani na fomu yake? Heri wamkate hicho kidole. Akajiambia hakuna haja, kuna mkutano wa wadau wiki ijayo, atasimama aseme, watu wazima wataelewa. Hapo ndipo alipowapa binadamu nafasi ya mwisho, na sijui kwa nini, maana alikuwa anawajua.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa jiji. Kulikuwa na projekta inayotoa picha ya bluu, chupa za maji mbele ya kila mkubwa, na viti vimefunikwa vitambaa na kufungwa fundo nyuma kama vinakwenda kuolewa. Mwakilishi wa madereva akasema njia tatu hazitoshi, anataka nne. Mwenye duka la viatu akasema yeye anataka maegesho mbele ya mlango wake, mengine hayamhusu, na angalau huyo alikuwa mkweli. Mama mmoja muuza maua akasema ngazi ni mazoezi, zitapunguza vitambi mjini. Akapigiwa makofi. Na wa kwanza kupiga makofi alikuwa mtu ambaye kitambi chake kilikuwa kimekaa kiti cha peke yake.

Bi Gumba akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamwona, uso ukamng'aa.

"Kabla hujasema, mama, jiji lina jambo lake na wewe."

Wakamwita mbele. Wakampa cheti. Karatasi ngumu, pembe za dhahabu, mhuri: kwa kuhesabu miaka kumi na tisa bila kosa hata moja. Watu wakasimama, simu zikatoka, Injinia akamshika bega kwenye picha kama yeye ndiye aliyemzaa. Ndipo wakampa kipaza sauti, naye, amesimama na cheti mkononi, akasema kwamba baiskeli ni zaidi ya elfu mbili na ngazi zitawapeleka watu kwenye malori.

Makofi tena. Walidhani anashukuru. Waliosikia vizuri walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa fundi wa spika.

"Tumelipokea," akasema mwenyekiti. Tumelipokea ni neno la mikutanoni. Likishatamkwa juu ya jambo lako, nenda kalizike tu.

Wakati Bi Gumba anapigwa picha, Mkate naye alikuwa na akili zake. Ujenzi unaanza mwezi ujao, akajiambia, bora niizoee barabara ya malori mapema. Asubuhi moja akaipita. Hakufika mbali. Lori la saruji lilimpita karibu mno, kreti la juu likanaswa, baiskeli ikazungushwa kama feni na yeye akatupwa kwenye mtaro. Alirudi nyumbani mchana anakokota baiskeli yenye gurudumu lililopinda namba nane, shati limechanika kutoka kwapani mpaka kiunoni, na mkwaruzo mbavuni mrefu kama rula. Mikate aliiacha huko, madereva wakaikanyaga wote kwa zamu.

Bi Gumba alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, mkewe anamsafisha kwa maji ya chumvi.

"Ulikwenda kufanya nini huko, kichwa maji wewe?"

"Kujifunza njia."

"Na umejifunza?"

"Bado." Akajikunja pale kitambaa kilipomgusa. "Kesho nitakaa kushoto zaidi."

"Kushoto zaidi ni mtaroni."

"Si ndiko nilikokuwa leo, na niko hai."

Alisema kwa mzaha, ila mkewe hakucheka. Aliinua lile shati, akalitazama kwenye mwanga kupitia pale palipochanika, akamwona Bi Gumba upande wa pili. "Wifi," akasema, "nilikuwa natafuta pa kutundika cheti chako. Ukutani pamejaa, labda kizibe hapa."

Bi Gumba akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Keshoye akaomba likizo ya siku tatu. Alikwenda mpandoni na kigoda cha jikoni, bila mwavuli wa jiji, bila ubao, kihesabio kimoja tu mkononi. Safari hii kanuni ilikuwa ya kwake: chenye magurudumu mawili na pedali ni baiskeli, hata kikibebwa kichwani.

Na hapo ndipo alipoona. Miaka yote alikuwa anabofya, ni nadra kutazama. Hawakuwa watu wa mikate peke yao. Kulikuwa na mtu wa maziwa na madumu manne, fundi seremala amebeba mlango mzima umefungwa ubavuni, akina mama wawili wanaokwenda kufagia benki, wanapeana zamu ya kukokota baiskeli moja. Mwalimu na kikapu cha madaftari. Mtu wa mitungi ya gesi, ambaye kila akipita watembea kwa miguu walisogea kwa adabu. Wote vichwa chini, wanahema, wanapanda. Elfu mbili mia tatu na kumi na sita kwa asubuhi tatu. Na yeye, kwa ufundi wake wote, aliwafuta kwa kidole kimoja, akafurahi alipoona namba kwenye simu. Siku hiyo dharau yake ilipata mteja mpya, na huyo hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu alikuwa amekaa naye kigoda kimoja.

Alipoingia ofisini na kuomba Fomu Namba Nane, Injinia alicheka. Alipoona amekaa na kutoa kalamu, akaacha.

"Mama, subiri. Tuongee kama watu wazima."

"Mmoja wetu ataweza."

"Meya ameshapanga siku ya uzinduzi. Mchoro ukirudi ni miezi minne mingine."

"Mtampangia nyingine."

"Na jina lako je? Juzi tu tumekupa cheti." Sasa alikuwa amesimama, viatu vyeupe vinakwenda huku na huku kwenye zulia. "Watu watasema nini?"

Bi Gumba alikuwa amefika kwenye kipengele cha sababu. Fomu ilitoa sababu nne za kuchagua. Kifaa kibovu: lakini hapo kifaa kinapelekwa kupimwa, na vihesabio vyake vilikuwa vizima kuliko idara nzima. Ugonjwa wa macho: cheti cha daktari. Ulevi: mashahidi wawili. Usingizi: saini tu. Kanuni mbovu haikuwemo. Waliotunga fomu walifikiria kila namna mhesabu anavyoweza kuwa mjinga, wakajisahau wao.

Usingizi. Yeye ambaye alikuwa hapepesi macho mpaka basi lipite lote. Kalamu ilisimama hewani kidogo, na Injinia akaona, akainama karibu, sauti laini.

"Ukitia alama hapo, mama, imeandikwa milele. Miaka kumi na tisa, ulikuwa unalala."

"Usingizi unaandikwa na z moja au mbili?" Bi Gumba akauliza. "Nataka ukitangaza usikosee."

Akatia alama. Akasaini. Akampa karatasi mkononi mwake, siyo mezani, ili aishike vizuri.

Habari ilifika kwenye kundi la simu la idara kabla yeye hajafika getini. Zikamiminika picha za paka waliolala, za watoto waliolala, ya mzee mmoja amelala juu ya ng'ombe. Madereva wa idara waliokuwa wanamwogopa miaka yote wakapata sauti. Cheti kikaombwa kirudishwe, kwa barua, na akakirudisha ndani ya bahasha ya zamani ya bili ya maji. Kiti cha plastiki akapewa kijana mwingine. Bi Gumba akapelekwa masjala, chumba cha chini kisicho na dirisha, mafaili mpaka darini, kazi yake kuyapanga kwa mwaka, na hakuna aliyekuja kuyauliza.

Mchoro ulirudi kuchorwa kama sheria inavyotaka. Injinia akapunguza ngazi upana, na pembeni yake akaweka njia ya mwinuko wa pole pole, isiyo na ngazi, inayopanda kwa kuzunguka kona tatu. Nyembamba. Baiskeli mbili zikikutana ubavu kwa ubavu lazima mmoja asali. Jiji halikutoa hata sentimita moja ya magari, usidhani. Ujenzi ulipokwisha, siku ya uzinduzi Injinia akasema kwenye kipaza sauti kwamba wazo la njia ya baiskeli lilimjia mwenyewe alipokuwa anatafakari, na watu wakapiga makofi, maana ndiyo kazi yao.

Bi Gumba hakwenda uzinduzi. Alikwenda wiki iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, peke yake, aone. Na aliona alichotegemea: pikipiki. Siku saba tu, na tayari pikipiki zilikuwa zimegundua pa kukwepa foleni, zinapanda kwenye njia ya baiskeli zinapiga honi, na watu wa mizigo wamejibana kwenye ukuta kama mijusi. Kwenye kona ya kwanza Mkate alikuwa amekwama na makreti yake.

"Kona hii kali, dada," akamwambia alipomwona, badala ya salamu.

"Kamlalamikie Injinia. Sogea."

Bi Gumba akashuka mpaka chini, kwenye mdomo wa njia, akasimama katikati. Pikipiki ya kwanza ikafunga breki puani kwake. Kijana mwenye miwani ya jua, abiria nyuma.

"Pisha, mama."

"Hii siyo yako. Yako ile kule, ina njia tatu."

"Kwani wewe nani? Askari?"

"Mimi ni yule aliyelala kazini."

Kijana hakuelewa, akamgeukia abiria wake, abiria akatazama simu. Akaingurumisha pikipiki papo hapo, mara moja, mara mbili, kumtisha. Bi Gumba akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Nyuma ya pikipiki walikuwa wameshafika wa maziwa, wa gesi, wale akina mama wa benki na wengine watatu, kila mmoja ameshika usukani wake. Hakuna aliyepita na hakuna aliyesogea, mpaka abiria akashuka mwenyewe akaanza kupanda ngazi.